Pembe Niliyoibandika Tena

Simu ya Sefu ilinikuta nikichambua mchele kibarazani kwangu Masuguru, Korogwe, na kabla hajamaliza salamu nilishajua. Mtu mzima akikupigia asubuhi na kuanza kuulizia hali ya kila aliyemo nyumbani mwako, mpaka kuku, ujue anatafuta mahali pa kuliweka neno lake. "Mama ametutoka, Mwalimu," alisema mwishowe. "Jana jioni. Tunazika leo baada ya adhuhuri." Nilimpa pole, nikamwambia nakuja, nikakata simu, nikaendelea kuchambua mchele. Nilichambua hata ule uliokwisha kuchambuliwa. Mama Sefu hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mwanamke niliyeishi nyumbani kwake mwaka mmoja nilipokuwa msichana, nikala chakula chake, nikaota moto wake, na ambaye kwa miaka yote iliyofuata nilimpelekea salamu na kitenge kila sikukuu kwa mkono wa mtu mwingine. Kutoka Korogwe hadi Handeni si safari ya kufungia masanduku. Mtu mwenye nia anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na bado anawahi kufungia kuku wake. Nia ndiyo niliyoikosa, na hata siku ile, nikitafuta kanga ya kuvaa msibani, nilikuwa natamani mvua inyeshe barabara ikatike.

Naandika juu ya mwaka ule mmoja tu. Majina nimeyabadilisha yote, kijiji sikitaji, hata rangi ya ng'ombe si yenyewe, na pembe nimeihamishia upande mwingine. Sababu yake msomaji ataiona. Nilizaliwa na nani, tulikuwa wangapi, baba alilima nini, hayo hayana msaada hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nimeshuka kutoka Vugiri kwenye ukungu na chai, nimehudhuria semina fupi ya walimu wa chekechea, na nimepangiwa kijiji kimoja cha tambarare za Handeni ambako Wazigua wanalima na Wamasai wanachunga. Nilikuwa najiona, tena sana. Nilikuwa na jozi mbili za viatu na neno moja nililolitoa semina, "vitendo", ambalo nililitia katika kila sentensi. Mtoto afundishwe kwa vitendo. Mama Sefu, aliyepewa kunihifadhi kwa kuwa alikuwa mjane mwenye chumba cha ziada, mwanawe Sefu akiwa anasoma mbali, alinisikiliza siku ya kwanza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama vitendo hivyo vinakula mlenda.

Vilikula. Ugali na mlenda ndicho chakula nilichokiona zaidi mwaka ule, na kunde zilipopatikana, na dagaa siku ya gulio. Tulikula jikoni, kibanda cha udongo kilichoegemezwa kwenye nyumba, na juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa fito alikoweka mbegu za mahindi na kuni ili moshi uzikaushe. Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba ya shemeji yake, Mzee Mhando, mdogo wa marehemu mumewe. Mhando hakuwa mtu mbaya, na ningependa liandikwe hivyo. Alikuwa mcheshi, kanzu yake safi, na kila jioni alipita kusema, "Mmeshindaje humu ndani?" Paa lilipovuja alileta nyasi akaezeka mwenyewe. Tatizo ni kwamba alilitaja lile paa kila alipolitazama. "Shemeji, nyasi zangu bado zinashika?" Naye Mama Sefu alijibu kila mara, "Zinashika, baba. Mungu akuweke." Halafu akiondoka alinong'ona, akichochea moto, "Iko siku nitalala chini ya bati langu mwenyewe, na likivuja linivujie mimi." Mimi nilicheka tu. Niliona ni maneno ya watu wazima, kama wanavyosema wataacha ugoro.

Walipoanza kunitisha na kipupwe niliwacheka. Sisi wa Vugiri baridi tunazaliwa nayo. Lakini baridi ya milimani inatulia. Ya tambarare inakuja na upepo na vumbi, na shule yangu ilikuwa godauni la zamani la ushirika, sakafu ya saruji, mlango wa bati usiofika chini. Watoto walifika asubuhi wamejikunyata, wa Kizigua ndani ya kanga za mama zao, wa Kimasai ndani ya mashuka mekundu, miguu yao mitupu imechanika visigino. Niliwapa chaki, zikaanguka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havishiki kitu. Hapo ndipo "vitendo" vyangu vilipopata kazi ya kweli. Nilimwomba Mama Sefu, aliyekuwa pia mpishi wa uji wa shule, aweke sufuria ya pili ya maji motoni. Watoto wakatumbukiza mikono, ikafufuka, na kabla haijalala tena nikawapa cha kufanya. Tulianza na magunzi: gunzi moja, kitambaa kiunoni, nywele za katani, tayari mwanasesere. Tukasuka kamba za katani, tukafunga mipira ya matambara. Siku zile nilifurahi sana kuwa hai. Bado naweza kuisikia harufu ya kile chumba, moshi na sweta zenye unyevu na uji unaokaribia kuiva, na watoto wakiimba kwa sababu mikono yao ina kazi.

Kisha tukaingia kwenye udongo. Nilichota wa lambo, nikaukanda kwa maji ya moto, nikawaambia kila mtu atengeneze mnyama wa nyumbani kwao. Nasieku alinyoosha mkono. Alikuwa binti mdogo wa Mzee Kashu, mfugaji mwenye boma upande wa pili wa lambo. Mtoto wa miaka sita hivi, amevaa sweta la mtu mzima chini ya shuka, maneno machache. Alipokusalimia aliinamisha kichwa umguse utosini, kama wanavyofundishwa watoto wa kwao. "Mwalimu, huu utapasuka," alisema. Nikamwambia hautapasuka. Ulipasuka. Kesho yake alikuja na udongo wa kichuguu katika pembe ya shuka lake, akaugawa kwa wenzake bila kunitazama, na ule haukupasuka.

Wengine walifinyanga mbuzi wenye miguu kama ya tembo, na kuku walioanguka kifudifudi. Nasieku alifinyanga ng'ombe wa baba yake. Sisemi ng'ombe, nasema ng'ombe wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, leo huyu kesho yule. Nundu ya huyu imelala kushoto, huyu ana kiwele kikubwa, huyu ni mzee, mgongo umebonyea. Rangi alizitoa kwenye majivu, mkaa na udongo mwekundu. Mtoto wa mfugaji hufundishwa ng'ombe kabla ya kufundishwa namba: huyu ni wa fulani, alizaliwa na yule, tulipewa siku ile. Nilipomwona akimgeuza mmoja mkononi, amekunja uso, anamtazama mbele na nyuma kisha anamfinya kidogo shavuni, nilijua kwamba nina mtoto wa ajabu. Nikajua pia, Mungu anisamehe, kwamba watu watasema ni kazi ya mwalimu.

Kwa kuwa jua la kipupwe halikaushi kitu, wanyama wote tulikuwa tukiwapeleka kwa Mama Sefu, tunawapanga kwenye uchaga juu ya moto. Jioni tulikula chini ya zizi. Yeye aliwapa majina ya wanakijiji, akaniambia mbuzi yule mnene ni mwenyekiti, na tukacheka mpaka mlenda ukapoa. Siku ya gulio mama yake Nasieku alikuja na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya uji wa watoto, kisha wakakaa yeye na Mama Sefu nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa chumbani, na ukuta ule wa udongo ulikuwa hauzuii neno.

"Mwekundu anaendeleaje?" aliuliza Mama Sefu.

"Amezaa. Jike."

Kisha nikamsikia Mama Sefu akicheka, kicheko chembamba cha kisichana ambacho sikuwahi kukisikia.

"Na huyu mwalimu anajua?" aliuliza yule mwingine.

"Mwalimu ni mtoto. Hajui kitu."

Neno "mtoto" liliniuma. Nilijifunika kichwa kwa shuka nisiendelee kusikia. Laiti ningesikiliza dakika moja zaidi kwa akili badala ya kusikiliza kwa kiburi, lakini ndiyo hivyo. Leo kila mtu wa Handeni angekueleza walichokuwa wakizungumza. Mkulima akipata ng'ombe, humpeleka kwa rafiki yake mfugaji. Mfugaji anachunga na kunywa maziwa. Mwenye ng'ombe anangoja ndama wa kuuza, apate hata kiwanja na bati. Na mjane anayeishi nyuma ya nyumba ya shemeji, akiwa na kitu chake alichokinunua kwa mahindi ya shamba la baba yake, anakificha huko huko, katikati ya kundi la watu, mahali ambapo hakuna wa kuuliza. Wafugaji hawataji ng'ombe wa mtu. Hilo nalo kila mtu analijua.

Siku ya wazazi ilikaribia. Niliazimia kuonyesha kazi za mikono za watoto, na mbele ya zote kundi la Nasieku. Jioni moja nilimkuta Mama Sefu amesimama mbele ya uchaga, mwiko mkononi, anamtazama ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe pajani na pembe moja iliyoinama mpaka karibu na jicho. Ndama mdogo alikuwa ubavuni pake.

"Mwanangu," alisema, "hawa wa Nasieku uwaache hapa. Siku ya wazazi peleka wa wenzake."

"Kwa nini, Mama? Ndio wazuri kuliko wote."

"Ndiyo maana. Mtoto wa watu atapigwa jicho."

"Jamani Mama, na wewe mambo ya jicho!"

Alinitazama. Kisha akarudi kukoroga ugali. Kesho yake nilimkuta yule mwekundu amevunjika pembe, na lile baka limepakwa majivu likaenea mgongo mzima. Nilidhani ni panya. Nililaani panya wa nyumba ile kwa sauti, naye akasikiliza. Kisha nikakaa chini nikafanya kazi ambayo sijawahi kufanya nyingine kwa makini kama ile. Nilichonga mwiba wa mgunga, nikauchomeka kichwani kama msumari, nikaibandika pembe juu yake kwa udongo mbichi, nikaiinamisha vile vile ilivyokuwa imeinama. Nikafuta majivu kwa kitambaa chenye unyevu. Nikarudisha wekundu mahali pake, na baka mahali pake. Mama Sefu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Una mikono mizuri, mwanangu," alisema.

Nilifurahi. Kwa muda mrefu nililikumbuka lile neno kama sifa.

Siku ya wazazi tulifungua mlango wote wa godauni, tukaweka meza, na juu ya meza kitambaa cheupe cha Mama Sefu mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, wazee walikuwepo, Mzee Mhando alikaa mbele kwa kuwa alikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Kutoka kwa Kashu hakufika mtu. Siku ile walikuwa wamepeleka mifugo kwenye maji. Mama Sefu alikuwa mlangoni na sufuria lake kubwa la uji. Watoto waliimba, wageni wakasifu mipira na wanasesere. Kisha nikamsimamisha Nasieku mbele ya kundi lake, nikashika ufito kama muongozaji wa makumbusho.

"Huyu ni wa nani, Nasieku?"

"Wa baba."

"Na huyu mweusi?"

"Wa yeyo."

"Yeyo ni mama yake," niliwafafanulia wageni. "Huyu je?"

"Wa kaka. Alipewa alipotahiriwa."

Watu waliguna kwa kupendezwa. Mwenyekiti alisema huyu mtoto atakuwa bwana mifugo. Nami nilikuwa nimelewa sifa, nikauweka ufito juu ya pembe niliyoibandika.

"Na huyu mwenye pembe ya kuinama?"

Nasieku alinitazama, akatazama mlangoni, akanitazama tena.

"Sema, mama. Usiwaogope wageni."

Hakusema.

"Kumbe huyu hana mwenyewe?" nikasema. "Ameokotwa?"

Watu wakacheka. Kumwambia mtoto wa mfugaji kwamba katika kundi la baba yake kuna ng'ombe wa kuokota ni kumtukana baba yake. Nililijua hilo. Ndiyo sababu nililisema, kwa kuwa nilitaka ajibu.

"Ana mwenyewe," alisema Nasieku kwa sauti. "Ni wa Mama Sefu. Na ndama wake."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Mhando. "Kumbe shemeji ni tajiri," alisema, "na sisi tunamhurumia kwa nyasi!" Godauni zima likaangua kicheko. Mama Sefu alicheka pia, akisema watoto hawa watani sana, huku akichota uji na kuumimina katika vikombe bila kudondosha hata tone. Nilicheka na mimi. Kisha nikamwona Mhando amekaa, ameacha kucheka, anaitazama ile pembe kama mtu anayekumbuka alikoiona.

Hakugomba. Laiti angegomba. Alichukua wazee wawili wa ukoo, wakavuka lambo, wakakuta ng'ombe mwekundu na ndama wake, pembe vile vile, baka vile vile. Walikuwa wamemtambua kabla hawajamfikia. Kisha kikawa kikao mbele ya nyumba, na mimi chumbani nikisikia ukutani. Mhando alisema mali ya marehemu ilifichwa, na aliyeificha ni Kashu, na mtu anayeficha mali ya marehemu ana jina lake, na jina hilo polisi wanalijua. Mama Sefu angeweza kusema ng'ombe ni wake, wa mahindi ya baba yake. Angesema hivyo, wangemwuliza Kashu ushahidi, na Kashu, Mmasai peke yake mbele ya wazee wa Kizigua, angetoka pale mwizi. Nilimsikia Mama Sefu akikohoa.

"Ng'ombe ni wa marehemu," alisema. "Mzee Kashu alikabidhiwa tu. Hana kosa."

Basi. Ng'ombe na ndama wakahamia nyumba ya mbele. Jioni ile Mama Sefu alipika ugali kama kawaida, akaniwekea mimi kwanza, kama kawaida. Uchaga ulikuwa mtupu. Niliosha mikono, nikasema, "Mama, mimi..." Akasema, "Kula, mwanangu. Ugali unapoa." Nami nikala. Aibu yangu iko hapo hasa, kuliko hata pale mezani. Pale mezani nilikuwa mjinga, na ujinga una dawa. Lakini yeye aliponikatiza nilisikia nafuu, nafuu kama ya mtu aliyeambiwa deni limefutwa, nikatia tonge mdomoni kwa haraka asije akabadilisha mawazo.

Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu kisimani kama nilikuwa najua. "Sikujua chochote," nilijibu. "Mtoto alisema mwenyewe." Kila neno lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilinifaa. Lilifika mbali. Kabla wiki haijaisha watoto wa kijiji walikuwa wamemtungia Nasieku wimbo kuhusu mdomo uliofungua zizi, na wakubwa waliusikia wakatabasamu. Nasieku akaacha kuja shule. Wenzake wa boma la jirani walisema hasemi, hata kwao hasemi. Akiulizwa jambo anaangalia chini.

"Twende kwa Kashu tukamwone mtoto," Mama Sefu aliniambia asubuhi moja, amekwisha kujifunga kanga kiunoni.

Nilisema nina mafua. Nilikuwa nayo kweli, kidogo. Nilijikohoza kuyaongeza. Akaenda peke yake, kwenye ule upepo, na alirudi jua limeinama, kanga imechanwa na miiba, miguu myeupe kwa vumbi. Nilikuwa nimemchemshia maji; angalau hilo.

"Hajambo?" nilimuuliza.

"Hajambo. Ameongea."

"Mlizungumza nini?"

"Ya watoto," alisema, akatia miguu kwenye beseni.

Juma lililofuata Nasieku alirudi darasani. Aliinamisha kichwa, nikamgusa utosini, na mpaka mwaka unakwisha sikumuuliza swali lolote lenye jibu zaidi ya namba. Udongo sikuugusa tena. Niliwaambia watoto kwamba baridi imepungua, warudi kwenye chaki. Ilikuwa haijapungua. Mwisho wa mwaka nikaomba uhamisho, nikapata Korogwe, na huku nikawa mwalimu mzuri, wanasema hivyo, mwalimu asiyependa maonyesho.

Nilifika msibani watu wamekwisha kutoka makaburini. Nyumba ni ile ile, nyuma ya nyumba ile ile. Mhando alishakufa na wanawe ndio wako mbele sasa. Bati lipo, Sefu aliliweka alipopata kazi, lakini kiwanja ni cha watu wa mbele, na hivyo Mama Sefu hakuwahi kuwa chini ya paa lake mwenyewe mpaka leo walipomfukia. Wanawake walikuwa wamejaa chumbani kwenye mikeka. Nilipitia jikoni. Uchaga upo, na juu yake kuna dumu la mafuta ya taa na viatu vya mtoto. Nilikuwa nimesafiri na sentensi moja, nimeipanga tangu Korogwe, nikiitamka kwa midomo mpaka abiria wa pembeni akadhani nasali: si wewe uliyetoa siri ile, ni mimi niliyekulazimisha. Nilijua Nasieku atakuja. Na alikuwepo. Mwanamke wa makamo, shuka la bluu, shanga, kibuyu cha maziwa ubavuni. Aliponiona aliinuka, akaja mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa. Mtu mwenye wajukuu! Niliweka mkono juu ya nywele zake, zimeanza mvi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Nasieku. Pole."

"Pole na wewe. Alikuwa mama yako pia."

Tukakaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Nilivuta pumzi nianze. Yeye akaniwahi.

"Mwalimu, unamkumbuka yule ng'ombe?"

"Namkumbuka."

"Baada ya kuchukuliwa, Mama Sefu alikuja kwetu kwa miguu. Nilikimbilia kichuguuni nikajificha, akanifuata huko huko kwenye miiba. Akanikalisha. Akaniambia, Nasieku, sikiliza, mimi mwenyewe nilishamwambia shemeji habari za ng'ombe zamani, kabla ya siku ya wazazi. Alikuwa anangoja tu azae. Kwa hiyo hukutoa siri, umesema kitu alichokijua." Alikuwa akisugua mdomo wa kibuyu kwa kidole. "Nikamwamini. Nikaanza kusema tena. Lakini nilivyokua nikawa najiuliza. Kama shemeji alijua, mbona siku ile alishangaa vile? Nilitaka kumuuliza, miaka yote nilikuwa namletea maziwa nikisema leo nitamuuliza. Niliogopa. Sasa ameondoka na jibu."

Mbele ya nyumba mtu alikuwa akipasua kuni. Nasieku alinitazama usoni, kama alivyonitazama siku ile mbele ya meza.

"Wewe ulikuwa unaishi naye, Mwalimu. Ni kweli alikuwa amemwambia?"

Sentensi yangu ilikuwa mdomoni, na ilikuwa nzuri. Ingenipumzisha. Lakini nikiisema, namwambia pia kwamba Mama Sefu alimdanganya, kwamba siri ilitoka kinywani mwake kweli, na kwamba kile alichopewa kichuguuni hakikuwepo. Nilikwisha kumchukulia Mama Sefu ng'ombe na ndama na nyumba. Hiki ndicho pekee kilichobaki chake, na kilikuwa kwa Nasieku.

"Ni kweli," nilisema. "Nilikuwa chumbani. Niliwasikia ukutani, yeye na shemeji yake."

"Kabla ya siku ya wazazi?"

"Kabla. Kabla hata hujamfinyanga."

Alifumba macho. Mabega yake yalishuka, na kwa muda kidogo niliona sweta lile la mtu mzima na mikono midogo inayotoka mvuke wa maji ya moto. Kisha akafungua kibuyu, akamimina kikombe mpaka juu, akaniwekea mimi kwanza.

"Kunywa, Mwalimu," alisema. "Umetoka mbali."

Nikanywa. Sentensi niliyotoka nayo Korogwe nilirudi nayo Korogwe.